Mshahara umeganda, gereji inanikonyeza: nihamie kazi ya kulipwa kwa faili?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, mzaliwa wa Tukuyu. Naishi Uyole, Mbeya, na mke wangu na mtoto wa mwaka na nusu. Nilisoma uhandisi mitambo pale MUST. Baada ya chuo nilihangaika mwaka mzima, mara gereji, mara kuuza spea Mwanjelwa, mpaka nikapata kazi kwenye tawi la kampuni ya bima. Kwenye barua cheo changu ni Afisa Madai Msaidizi. Mtaani mimi ni yule jamaa wa bima anayekuja kupiga picha gari lililogongwa.

Kazi naipenda, sikufichi. Simu ikilia saa tisa usiku kwamba Fuso imelala Inyala, naamka. Napiga picha, nachukua namba ya chesisi, naongea na trafiki, naongea na dereva kama anaweza kuongea. Asubuhi niko gereji nabishana na fundi bodi juu ya mlango ambao mimi naona unanyoosheka na yeye anautaka mpya. Jioni naandika ripoti, inaenda Dar es Salaam, na uamuzi unatoka huko. Mteja akipunguziwa, matusi nayapokea mimi.

Shida ni mfuko. Niliingia kwa 850,000 na huu ni mwaka wa tatu, bado ni 850,000. Nikimuuliza meneja anasema nivute subira, bajeti ijayo. Nikienda Tunduma au Makambako narudishiwa mafuta tu, posho hakuna, na safari za usiku na Jumapili hakuna anayezihesabu.

Mwezi uliopita bwana mmoja mwenye kampuni ya kukadiria hasara, ofisi yake iko Dar, alinialika chai pale Kabwe. Anatafuta mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Hatoi mshahara, analipa 60,000 kwa kila faili, yaani kila dai nitakalokagua, na pesa inatoka yeye akishalipwa na kampuni za bima. Anasema nikichangamka nitafikisha faili 40 kwa mwezi. Nimepiga hesabu, ni 2,400,000! Sharti lake ni niwe na gari langu, maana sasa natumia pikipiki ya ofisi. Baba mkwe ana IST, yuko tayari kuniachia kwa milioni 9, nimlipe kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Halafu binamu yangu aliyeko Texas kaniandikia kwamba kule watu wa kazi hii wanavuka dola 70,000 kwa mwaka. Siku hiyo sikula.

Kuna jingine. Mwenye gereji mmoja alinitumia 100,000 kwenye simu, akasema ni ya soda, baada ya mimi kupitisha makadirio yake. Makadirio yenyewe yalikuwa halali, naapa. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, sikurudisha. Tangu siku hiyo ananiita bosi. Wiki iliyopita kaleta makadirio ya Noah, milioni 4.8, wakati mimi naona haizidi milioni 3. Bado iko mezani kwangu. Mke wangu hajui.

Tawi letu linapokea madai ya magari kama 25 kwa mwezi, kwa hiyo uzoefu ninao. Nibaki au niondoke? Na kazi hii ina mbele?

Ndaga fijo, Shangazi.

Kijana wa Uyole

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nimekaa dawati la madai miaka 22, mingi nikiwa Iringa, na Kitonga naijua kona kwa kona kwa sababu ya magari niliyoyafuata mle. Barua yako umeanza na mshahara ukaiweka Noah karibu na mwisho. Mimi naanza na Noah, kwa sababu ikienda vibaya hiyo, hayo maswali mengine hutakuwa na haja ya kuyauliza.

Unasema makadirio ya kwanza yalikuwa halali. Nakuamini. Ndiyo sababu alikutumia baada ya wewe kusaini. Angekutumia kabla ungeshtuka. Yule bwana ameshawalea wakaguzi wengi kabla yako. Ile 100,000 ilikuwa mbegu, na Noah ndiyo mavuno, na utaona mwenyewe jinsi yalivyopangwa. Penye kunyoosha pameandikwa kubadili. Taa ya mtumba imepewa bei ya mpya. Rangi ni ya ubavu mmoja, imeandikwa gari zima. Kisha ile taa ya zamani ambayo haikuvunjika inarudi rafu yake, inamsubiri mteja mwingine. Enzi zangu nilikuwa na sheria moja iliyonipunguzia marafiki: hakuna malipo mpaka spea zilizotolewa ziletwe ofisini, nizione na kuzihesabu. Fundi mmoja wa Ipogolo alinichukia mpaka nikastaafu.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mrudishie 100,000 kwa simu ileile, na kwenye ujumbe andika kwamba ni fedha aliyokutumia tarehe fulani, unamrudishia. Usimpe taslimu mkononi, haina kumbukumbu. Noah ikague upya, andika milioni 3 yako kipengele kwa kipengele pamoja na picha. Kisha mwandikie meneja kwamba gereji hiyo ilikutumia pesa, umeirudisha, na unaomba mkaguzi wa pili aipitie Noah. Unaweza kupewa onyo, sitakudanganya. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiwagusi watumishi wa serikali peke yao, inamgusa na mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea chochote kwa kazi ya mwajiri wake. Afadhali onyo la meneja uliyemfuata kwa miguu yako kuliko TAKUKURU waliokufuata wao.

Mke wako mwambie leo. Kodi ya nyumba ni ya wote wawili.

Sasa mfuko. Kila anayeacha ajira analinganisha mshahara wa mkononi na ahadi ya mdomoni, kwa hiyo tuuandike wako vizuri. Kwenye 850,000, NSSF ni asilimia 10, yaani 85,000. Inabaki 765,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 69,250. Ulisoma kwa mkopo? Hukusema, ila mhandisi wa rika lako asiyedaiwa na Bodi ya Mikopo ni nadra, kwa hiyo nakata asilimia 15, yaani 127,500. Unapokea 568,250. Hiyo ndiyo inayokuuma kila tarehe 28. Usisahau kwamba mwajiri naye anaweka 85,000 yake NSSF, kwa hiyo kila mwezi kuna 170,000 inayoingia kwa jina lako usiyoiona. Na kama ofisi ina bima ya afya, mtoto wa mwaka na nusu anaitumia kuliko wewe.

Tuje kwenye faili. Bwana wa chai anasema 40 kwa mwezi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba tawi zima linapata kama 25. Hizo 40 zitatoka wapi? Atasema anahudumia kampuni nyingi. Vizuri, akuonyeshe ni faili ngapi alizopata kutoka Mbeya, Songwe na Njombe kwa miezi 12 iliyopita, mwezi kwa mwezi. Mwezi kwa mwezi, kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja. Kuanzia Desemba mpaka Aprili utapata kazi ya kuchoka. Julai utakaa nyumbani unaota moto.

Tuseme 18, na hapo nimekupendelea. Mara 60,000 ni 1,080,000. Kodi ya zuio ya huduma, asilimia 5, inaondoka na 54,000, inabaki 1,026,000. Mafuta, matairi na oili, tuseme 15,000 kwa faili ukichanganya za Soweto na za Tunduma, ni 270,000. Umebaki na 756,000. IST ya milioni 9 kwa miezi 24 ni 375,000 kila mwezi kwa baba mkwe. Umebaki na 381,000, na hapo Bodi ya Mikopo bado inakudai, NSSF hakuna, bando ni lako, na pesa yenyewe inakuja yule bwana akishalipwa. Katika miaka yangu ofisini nimewaona wakadiria hasara waliosubiri malipo miezi mitatu. Walikuwa na kampuni na akiba benki. Wewe utakuwa na IST.

Kwa hiyo ofa hii, kama ilivyo leo, ikatae. Sisemi usiwe mkadiria hasara huru maishani, huko ndiko nakutaka ufike, ila si kwa mlango huu. Kama bado anakuhitaji, mpe bei yako: kiasi cha uhakika kila mwezi hata faili zisipokuja, gharama za safari kwake, na faili juu ya hapo. Mwombe pia usajili wake wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa sababu Sheria ya Bima ya 2009 haimruhusu mtu kukadiria hasara mtaani bila kusajiliwa. Ofisi ya kanda ya TIRA iko hapohapo Mbeya, nenda uulize, huna haja ya kumwamini mtu kwa sababu kakununulia chai na chapati. Na usimfanyie hata faili moja ukiwa bado kwenye ajira. Siku utakapokagua kwa niaba yake gari lililokatiwa bima na mwajiri wako, hakuna atakayekuelewa.

Na mwajiri? Hapo nina hasira kidogo. Simu ya saa tisa usiku, Jumapili ya Makambako, halafu unarudishiwa mafuta kana kwamba ulienda harusini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu saa 45 kwa wiki. Zikizidi, kila saa ni mara moja na nusu, na siku yako ya mapumziko ni mara mbili. Lakini usiende kwa meneja na sheria mkononi, utaambiwa umekuja na wakili. Nenda na daftari. Miezi mitatu, kila safari: tarehe, umeondoka saa ngapi, umerudi saa ngapi, gari gani, gereji ilidai ngapi, wewe umekadiria ngapi. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zitakazosema. Kama kwa mwezi mmoja umepunguza makadirio ya gereji kwa milioni 9 bila mteja kuonewa, meneja anaona mshahara wako mara kumi na zaidi umekaa kwenye karatasi moja. Na Noah iwemo.

Ukiwa na daftari hilo, usiombe nyongeza peke yake. Omba mamlaka ya kupitisha madai madogo hapohapo tawini, tuseme yasiyozidi milioni 2. Nilipoajiriwa niliona jambo ambalo wenzangu wengi hawakuliona mapema: aliyekaa miaka kumi akipiga picha alilipwa kama mpiga picha, na binti aliyekuja nyuma yetu, akapewa kikomo cha kusaini, alitupita wote kwa miaka minne. Mshahara wa madai unafuata kiwango cha pesa ambacho saini yako inaweza kutoa. Omba na ada ya mitihani. Hiyo huwa rahisi kukubaliwa kuliko nyongeza, sijui kwa nini, labda kwa sababu inatoka fungu jingine.

Mitihani ipi? Kuna ya Taasisi ya Bima Tanzania, kuna ya CII, taasisi ya bima ya London, inayoanzia cheti na kupanda mpaka ngazi ya juu ya ACII, unasoma huku unafanya kazi. Kwa upande wa uhandisi, jiandikishe Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kama hujafanya hivyo. Madawati ya madai yamejaa waliosoma bima wasiojua chesisi iliyopinda ikoje. Gereji zimejaa wanaojua chesisi lakini hawajawahi kusoma masharti ya bima kubwa mpaka ukurasa wa mwisho. Wewe unaweza kuwa vyote viwili, na ukafanya hivyo mahali ambapo barabara ya Zambia inapita mlangoni kwako.

Hapo ndipo penye swali lako la kwamba kazi ina mbele au haina. Ya taa na bampa, mbele yake ni fupi. Tayari mteja anapiga picha kwa simu, anatuma, mtu wa Dar anakadiria bila kufika. Hata huko kwa binamu yako, hizo dola 70,000 ni kweli, lakini idara yao ya takwimu za kazi yenyewe inatabiri nafasi zitapungua, sababu mojawapo ni hizo programu za picha. Majimbo mengi, Texas likiwemo, yanadai leseni, na kodi ya nyumba hawailipi kwa shilingi. Mshukuru binamu, mwombe akutumie viatu.

Malori ni habari nyingine. Semi inashuka kuelekea Tunduma na mzigo, breki zinagoma mteremko wa Iwambi, inafuata bajaji mbili na ukuta wa nyumba ya mtu. Hesabu kilichomo mle: kichwa, tela, mzigo wa mtu wa tatu, majeruhi, ukuta, winchi, barabara iliyofungwa. Lori lenyewe limesajiliwa Zambia, kwa hiyo unaingia kwenye Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka, na anayejua madai yake yanapita wapi hapo Mbeya sidhani kama utamkuta kila kona. Kichwa kinatengenezeka au ni cha kuandikiwa kimekufa? Mabaki yana thamani gani? Mzigo ulimwagika wote, au nusu ulibebwa na wanakijiji kabla polisi hawajafika? Picha za simu hazijibu hayo. Anahitajika mtu mwenye tochi na futi, anayejua kusoma alama za matairi kwenye lami, na ripoti yake isimame hata kesi ikifika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au mahakamani. Faili kama hiyo hailipwi 60,000.

Kwa hiyo kila lori linalokuja tawini, liombe wewe, hata lile la matope ya Igawilo ambalo wenzako wanalikimbia. Kaa hapo mwaka mmoja na nusu, miwili ikibidi. Kama baada ya miezi sita meneja hajakupa mamlaka, posho wala ada, anza kuangalia kampuni nyingine za bima zenye matawi Mbeya, na uende na daftari lako. Ukiacha, toa notisi yako ya siku 28 kwa maandishi na ukabidhi faili zote kwa orodha iliyosainiwa. Hii kazi watu wake wachache, mnajuana.

Kuhusu IST. Wewe ni mkaguzi. Gari lolote jingine ungeinua zulia la buti utafute alama za kulehemu, ungekagua kama chesisi imeguswa, ungemuuliza mwenyewe lini liligongwa na nani alilipaka rangi. Sasa nenda Tukuyu, au popote anapokaa, umfanyie hivyo baba mkwe, mbele ya mama mkwe, halafu uniandikie ilikuwaje. Kama huwezi, gari liache. Mwambie tu ofisi imekuongezea muda wa pikipiki.